Kumsoma mtoto mgumu kwa simu: mwongozo kamili kwa mwalimu wa chekechea Mombasa

Saa tatu na nusu asubuhi, mwezi wa Februari. Upepo umelala na mabati yamepata moto. Watoto 40 wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, wamo darasani, uji haujafika, na kule pembeni mmoja kamng'ata mwenzake mkono hadi alama za meno zikabaki. Aliyeng'atwa analia, wawili walio karibu naye wameanza kulia kwa kumfuata, na mwalimu ni wewe peke yako kwa kuwa mwenzako ameitwa ofisini.

Mwalimu yeyote wa chekechea hapa kwetu, awe Likoni, Mishomoroni au Magongo, ameipitia asubuhi ya namna hii. Mwongozo huu ni wake. Unahusu chombo ambacho tayari kimo mkobani mwake, yaani simu, na jinsi ya kukitumia kujua kwa nini mtoto anang'ata, anapiga, anatoroka darasa au anajitupa chini, kisha kubadilisha mambo ili asiwe na haja ya kufanya hivyo.

Kanuni moja inatangulia zote: simu ni ya mwalimu, mtoto haishiki. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya kioo zaidi ya saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora. Wengi wa watoto wetu saa hiyo huimaliza nyumbani kabla ya kulala. Tena katuni ya kumnyamazisha ina somo lake: mtoto anajifunza kwamba akipiga mayowe analetewa katuni, na kesho yake anaanza mayowe mapema zaidi.

Kabla ya kufungua simu

Sheria kwanza, kwa ufupi. Katiba ya 2010 ilikabidhi chekechea kwa serikali za kaunti, lakini ulinzi wa mtoto ni ule ule nchi nzima. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza kumpiga mwanafunzi, na pia kinakataza kumtesa kiakili. Hili la pili husahaulika. Kumsimamisha mtoto wa miaka minne mbele ya wenzake na kumpachika jina la aibu ni kumuumiza, hata kama fimbo haikuguswa.

Kisha mwili wake. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana kama asiyetii. Simama hatua tatu nyuma yake anapocheza, umwite kwa sauti ya chini, siku mbili au tatu tofauti. Kama hageuki, au sikio linatoa usaha, zungumza na mzazi ampeleke hospitali kabla hujaanza kuandika rekodi yoyote. Tazama pia kama hula chochote asubuhi: mtoto aliyefika na mahamri na mbaazi tumboni si sawa na yule aliyefika na chai ya rangi peke yake. Tazama usingizi. Mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, na mwezi wa Ramadhani, nyumba inapokesha hadi daku, wengi hawafikii hata nusu ya njia. Na tazama lugha. Huku Changamwe na Jomvu tuna watoto ambao nyumbani huzungumziwa Kikamba, Kijaluo au Kiduruma, kisha wanafika darasani wanaamrishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyeambiwa "kaa chini" kwa lugha asiyoijua akabaki amesimama, hajakaidi.

Haya yote hayahitaji simu. Nimeyatanguliza kwa sababu nimewaona walimu wakijaza rekodi za wiki nzima juu ya mtoto ambaye shida yake ilikuwa njaa.

Hatua ya kwanza: chagua tendo moja, ulieleze lionekane

"Mkorofi", "mtukutu", "hasikii", "ana kiburi". Hizo ni hukumu, na hukumu haihesabiki. Andika kitu ambacho mtu anaweza kukiona kwa macho: anamng'ata mwenzake kwa meno, anatoka mlangoni bila ruhusa, anajitupa chini na kupiga mateke, anatupa vifaa kutoka mezani.

Kisha yapime maneno yako. Mpe mwalimu mwenzako maelezo hayo, mumtazame mtoto pamoja asubuhi moja, kila mmoja ahesabu kivyake. Kama wewe umepata mara mbili na yeye mara tano, maelezo hayajakaa sawa. Yaandike upya. Zoezi hili linachukua asubuhi moja tu na linaokoa wiki mbili za kazi bure.

Mtoto anaweza kuwa na matendo sita yanayokuchosha. Chagua lile linaloumiza watu au linaloweza kumpeleka barabarani. Mengine yasubiri.

Hatua ya pili: tengeneza fomu kwenye simu

Mbinu yenyewe ni ya zamani kuliko simu za mkononi. Mwaka 1968, Marekani, Sidney Bijou pamoja na Robert Peterson na Marion Ault waliandika namna ya kumtazama mtoto mahali alipo na kunukuu mambo matatu: lililotokea kabla, tendo lenyewe, na lililofuata baada yake. Wao walitumia karatasi. Simu inaongeza mambo mawili ambayo karatasi haina: inaandika saa yenyewe bila kuulizwa, na inajumlisha.

Kama shule ina Wi-Fi, au una bando la kutosha, tumia Google Forms. Fungua akaunti ya Gmail ya kazi, isiwe ile ya picha za harusi na mambo ya nyumbani. Ingia kwenye Forms, anza fomu mpya, na karibu kila swali liwe la kuchagua jibu kwa kugusa. Ukijiwekea maswali ya kuandika sentensi utaacha siku ya tatu. Fomu iwe na maswali haya:

1. Nambari ya mtoto. Jina lisiandikwe. Orodha ya nambari na majina ibaki kwenye daftari lililofungiwa kabatini.
2. Shughuli iliyokuwa ikiendelea: mduara wa asubuhi, kazi ya mezani, mchezo huru, kunawa na choo, kusubiri uji, uwanjani, kujitayarisha kwenda nyumbani.
3. Kabla: alinyang'anywa kitu, aliambiwa aache, alipewa kazi, alisubiri zaidi ya dakika 5, mwalimu alikuwa na mtoto mwingine, kelele au msongamano, sikuona.
4. Tendo.
5. Baada: mwalimu alimwendea, alipata alichotaka, aliondolewa kwenye kazi, wenzake walimpa nafasi, hakuna kilichobadilika.
6. Muda: chini ya dakika 1, dakika 1 hadi 5, zaidi ya 5.
7. Nafasi ya neno moja la ziada, ukitaka.

Usilifute lile jibu la "sikuona". Ukiwa na watoto 40 utakosa kuona mwanzo wa ugomvi mara nyingi, na mwalimu asiyekuwa na pa kukiri hivyo atabuni sababu. Sababu ya kubuni inaharibu rekodi kuliko nafasi tupu. Kama "sikuona" zimezidi nusu, basi umejua jambo: wewe na mwenzako mnahitaji kugawana darasa, kila mmoja awe na upande wake wa kutazama.

Fomu ikishakamilika, fungua kiungo chake kwenye Chrome, gusa vidoti vitatu vya juu, kisha uiweke kwenye ukurasa wa mbele wa simu kama alama ya programu. Sasa kuijaza ni suala la nusu dakika.

Google Forms inahitaji intaneti wakati wa kujaza. Kama darasa lako halina mtandao, au bando huisha katikati ya mwezi, tumia KoboToolbox. Ni mfumo uliotengenezwa kwa watu wa misaada wanaokusanya taarifa mahali pasipo na mtandao. Unafungua akaunti ya bure kwenye tovuti yao, unaunda fomu ile ile, kisha unaweka programu ya KoboCollect kwenye simu ya Android na kuishusha fomu hiyo. Rekodi zinakaa ndani ya simu, na jioni ukipata mtandao unazituma. Kuandaa mara ya kwanza kunachosha kidogo. Mtafute kijana wa saiba, duka la kompyuta na intaneti, akusaidie, maana kazi ni ya mara moja.

Na mwenye kabambe, simu ndogo ya vibonye? Chora safu hizo hizo kwenye daftari, tumia herufi badala ya maneno, na saa uitazame kwenye kabambe yako. Mwisho wa wiki mwenzako mwenye simu kubwa ayaingize. Rekodi ya daftari iliyojazwa kila siku ina faida kuliko fomu nzuri iliyojazwa Jumatatu peke yake.

Weka nywila kwenye simu leo, kabla ya rekodi ya kwanza. Simu zetu zinaibwa kwenye matatu na kwenye msongamano wa feri, na ndani yake kutakuwa na habari za watoto wa watu.

Hatua ya tatu: andika kwa siku 10 za shule

Mtoto akimng'ata mwenzake, simu ikae mfukoni. Watenganishe, mwoshe aliyeumia, mtulize, hakikisha wote wawili wako salama. Ukishamaliza ndipo ujaze, kabla kengele inayofuata haijalia. Ukingoja hadi jioni utakumbuka kilio tu na utasahau kilichokitangulia.

Mambo matatu madogo yanayoharibu rekodi nyingi:

Utoro. Andika siku ambazo mtoto hakuja. La sivyo, ukitazama baadaye utadhani Jumatano alikuwa mtulivu, kumbe alikuwa kwa nyanyake Kilifi.

Matendo ya haraka haraka. Kama tendo ni la kila dakika, mfano kusukuma wenzake kwenye mstari, usijaribu kujaza fomu kila mara. Weka kauri au punje za mbaazi kwenye mfuko wa kulia, uhamishe moja kwenye mfuko wa kushoto kila anaposukuma, kisha uhesabu mwisho wa kipindi na kuandika jumla.

Vilio virefu. Hapa washa saa ya kupima muda iliyo kwenye simu. Kilio cha dakika 20 kinachoshuka hadi dakika 8 ni maendeleo makubwa, lakini mwalimu aliyehesabu idadi ya vilio peke yake ataona "bado analia kila siku" na kukata tamaa.

Katika siku hizi 10 usibadilishe mbinu yako ya kawaida. Najua ni vigumu. Unataka kujua hali ilivyo, na ukibadilisha kila kitu siku ya pili hutajua kilichosaidia. Ila kama mtoto anaweza kuumia, usisubiri hata siku moja.

Hatua ya nne: soma ulichoandika

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayorukwa na wengi. Kaa na mwenzako saa moja baada ya watoto kwenda nyumbani. Google Forms itakuwa imechora michoro ya majibu bila wewe kuiomba. Kobo nayo ina ripoti yake. Kumbuka simu inaandika 09:40, nawe unafikiri saa tatu na dakika 40. Badilisha saa zote kwanza ziwe kama unavyozitaja, msije mkachanganyikiwa.

Tuchukulie Nambari 7. Ameng'ata mara 14 katika siku 10. Usikimbilie hiyo 14. Tazama saa: 10 kati yake zimetokea baina ya saa tatu na nusu na saa nne kasorobo. Tazama shughuli: 9 ni "kusubiri uji". Tazama kabla: 8 ni "alisubiri zaidi ya dakika 5". Tazama baada: 11 ni "wenzake walimpa nafasi".

Sasa picha imejitokeza. Mtoto huyu hang'ati watu ovyo. Anang'ata kwenye foleni ya uji, pana joto na msongamano, ana njaa, amesimama muda mrefu kuliko anavyoweza, na kila aking'ata foleni inapanuka. Kwake meno yanafanya kazi. Ukimwadhibu baada ya kung'ata, njaa, joto na foleni vitakuwepo kesho vile vile.

Unaposoma, jiulize tendo hili linampatia nini. Kwa kawaida majibu ni manne. Anapata kitu au zamu anayoitaka. Anapata macho ya mtu, na macho ya mwalimu aliyekasirika nayo ni macho. Anakwepa jambo, mathalani kazi ya kuandika, kelele au mtoto fulani. Au mwili wake wenyewe unalitaka tendo lile, kama wale wanaotafuna kola za sare wakati wote.

Kuna mtego hapa ambao mimi mwenyewe niliingia kwa miaka. Mtoto anatupa kalamu za rangi, namtoa nje akae barazani "atulie". Kesho anatupa tena. Naona amezidi. Nilipoanza kuandika, safu ya kabla ilijaa "alipewa kazi", na safu ya baada ilijaa "aliondolewa kwenye kazi". Kumbe nilikuwa namlipa. Alikuwa hajui kushika kalamu vizuri, anaona aibu, na kutupa ndiyo njia aliyoipata ya kutoka. Bila ile rekodi ningeendelea kumwita mkaidi, na sioni raha kulisema hili, lakini ni kweli.

Kama baada ya siku 10 hakuna mpangilio wowote, ongeza siku 5. Kama bado, kilichotangulia huenda hakiko shuleni. Kiko nyumbani, na itabidi uzungumze na mzazi kabla ya kwenda mbele.

Hatua ya tano: badilisha kinachotangulia

Badilisha jambo moja au mawili, si matano. Nitaanza na lile linalofaa karibu kila darasa.

Ratiba ya picha. Watoto wadogo hawajui saa, na hofu ya kutojua kinachofuata inawatoa wengi machozi. Piga picha kwa simu: mkeka wa mduara, meza za kazi, bomba la kunawia mikono, vikombe vya uji, uwanja, mikoba iliyotundikwa. Piga vitu na mahali, bila nyuso za watoto. Ziprinti saiba, zibandike kwenye manila, uzifunike kwa selotepu pana kwa sababu unyevu wa pwani utazikunja ndani ya wiki. Zitundike kwa mfuatano kwenye kimo cha macho ya mtoto, wala si kimo chako. Kila shughuli ikiisha, mtoto mmoja anaigeuza picha yake. Mbinu ya kupanga siku kwa picha ilipata nguvu kupitia mpango wa TEACCH wa Chuo Kikuu cha North Carolina, ulioanzishwa 1972 kwa ajili ya watoto wenye usonji. Inawafaa hata wasio na usonji, hasa wale wageni wa lugha. Mtoto mgumu mpe kazi hiyo ya kugeuza picha. Anayejua kinachofuata, tena ana wadhifa, ana sababu chache za kugoma.

Picha za vitu wanavyovijua zina nguvu kuliko michoro ya kushusha mtandaoni yenye theluji na mabasi ya manjano. Walimu waliopitia mpango wa elimu ya awali wa madrasa ulioanzia hapa Mombasa miaka ya 1980, chini ya Wakfu wa Aga Khan, wamelijua hili siku nyingi: kifuu cha nazi, kombe, leso na ukili ni vifaa vya kufundishia.

Saa ya kuonekana. Mwaka 1994 mama mmoja wa Marekani, Jan Rogers, alibuni saa yenye duara jekundu linalopungua, kwa ajili ya binti yake wa miaka minne aliyekuwa akisumbuka kila anapotolewa kwenye shughuli moja kupelekwa nyingine. Leo kuna programu nyingi za bure za namna hiyo. Weka dakika 5 kabla ya kuacha mchezo, isimamishe simu juu ya kabati mahali wanapoiona na hawaifikii, na useme, "Nyekundu ikiisha, tunakusanya." Usiongeze muda wakilalamika. Ukiongeza mara moja, saa imekufa.

Kadi za kuomba. Mtoto anayeng'ata mara nyingi hana maneno, au anayo ila hasira huyazima. Kadi tatu zilizofungwa kwa uzi shingoni mwa mwalimu zinatosha: "nisaidie", "zamu yangu", "nataka kupumzika". Mfundishe anapokuwa mtulivu, kwa kuigiza, mara nyingi. Kisha akionyesha kadi, mjibu haraka kuliko ulivyokuwa ukiyajibu meno. Siku za mwanzo kadi lazima ishinde.

Mtikisiko wa sifa. Hili ndilo nalipenda zaidi. Mwaka 1968 Charles Madsen, Wesley Becker na Don Thomas walichunguza watoto wasumbufu darasani, mmoja wao akiwa wa chekechea, na wakaona kwamba kutangaza kanuni peke yake hakukubadilisha karibu chochote. Kilichobadilisha ni mwalimu kupuuza makosa madogo na kusifu tabia njema. Shida ni kwamba darasa likichemka tunasahau kusifu. Weka kengele ya mtikisiko, isiyo na sauti, kila baada ya dakika 10, simu ikiwa mfukoni. Ikitikisika, mtafute yule mtoto. Kama wakati huo anafanya jambo lolote jema, hata kukaa tu, mwambie ulichokiona: "Umemngoja mwenzako amalize. Nimekuona." Taja tendo. "Hongera" tupu inapita sikioni.

Kitabu chake mwenyewe. Mwalimu wa Marekani, Carol Gray, mwanzoni mwa miaka ya 1990 alianza kuwaandikia wanafunzi wenye usonji hadithi fupi zinazoeleza hali inayowatatiza na jinsi ya kuipita. Unaweza kuiandika ya foleni ya uji: "Wakati mwingine tunangoja. Kungoja kunachosha. Nikichoka naweza kuonyesha kadi." Irekodi kwa sauti yako kwenye simu, uichezeshe asubuhi kabla ya wakati mgumu, nanyi mkiangalia picha pamoja. Ukitaka programu za akili unde zikusaidie kutunga, waweza, lakini usiingize jina la mtoto wala la shule. Tena Kiswahili chake kisome upya kwa sauti, maana mara nyingi kimekauka na mtoto wa Kisauni hatajiona humo.

Na Nambari 7? Kwake dawa ya kwanza haina teknolojia. Ugawe uji kwa makundi ya watoto 8, wengine wabaki wameketi wakiimba. Yeye awe wa kundi la kwanza, au awe mgawaji wa vikombe. Mwongeze kadi ya "zamu yangu". Pia tafuta kona yenye hewa, itandikwe mkeka na kupewa pazia la leso, ambako mtoto yeyote anaweza kwenda kupumua bila kufukuzwa. Simu ilichofanya ni kukuonyesha mahali pa kugusa.

Usichofanya

Kuna programu za kugawa pointi za tabia, na ClassDojo, iliyoanza 2011, ndiyo maarufu zaidi. Kutuma ujumbe kwa wazazi kupitia kwayo ni sawa. Kuonyesha pointi za kila mtoto mbele ya darasa, hapana. Mtoto wa miaka minne ambaye picha yake kila siku iko chini hajifunzi kujizuia, anajifunza kwamba yeye ni wa chini, na wenzake wanajifunza hivyo pia.

Usimpige video akiwa katika kilio. Nalisema hili kwa uzito. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na mwaka 2023 shule moja ya eneo la Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Faini kando, video hiyo itafika kwenye kundi la WhatsApp, na mtoto atakua nayo. Kama daktari anahitaji kuona tendo, mzazi aombwe, aandike kukubali, ampelekee daktari, kisha ifutwe.

Hata rekodi ya nambari inahitaji mzazi ajue. Andika barua ya nusu ukurasa kwa Kiswahili: tunaandika nini, kwa nini, nani anasoma, itafutwa lini. Atie sahihi.

Hatua ya sita: mzazi

Usimwanzie mzazi langoni mbele ya wengine, wala kwenye kundi la darasa. Mtumie ujumbe wa sauti, yeye peke yake, kwa sababu sauti hubeba upole ambao maandishi huupoteza, na mama anayeuza viazi karai jioni anaweza kuusikiliza huku mikono ikifanya kazi. Na ujumbe wa kwanza uwe wa heri. Mfano:

"Asalaam aleikum, Mama Fulani. Habari za jioni? Ni mwalimu wake wa skuli. Sina shari, nimetaka kukwambia leo amewagawia wenzake vikombe vyote hata kimoja hakikuanguka. Nikaona nawe ufurahi."

Kama nyumba si ya Waislamu, salamu ni "Habari za jioni, Mama Fulani" na yanayofuata ni yale yale. Tuma ujumbe wa heri mara mbili au tatu ndipo ufikie shida. Siku hiyo lete maswali: "Nyumbani akisubiri chakula huwaje? Hulala saa ngapi? Akikasirika, wewe humtuliza vipi?" Mara nyingi nyanya ndiye mwenye jibu, kwa hiyo mwalike naye. Ukishapata jibu, liingize kwenye mpango wako na umwambie mzazi kwamba umelitumia.

Hatua ya saba: hesabu tena, kisha uamue

Endelea kujaza fomu ile ile kwa wiki 3 baada ya mabadiliko. Siku za mwanzo tendo linaweza kuongezeka, maana mtoto anaijaribu njia yake ya zamani kwa nguvu zaidi kabla hajaiacha. Usibadilishe mpango kwa hofu ya siku mbili. Ila wiki 3 zikipita bila nafuu, rudi hatua ya nne: pengine ulikosea sababu.

Zipo hali ambazo si za kusubiri wiki 3. Mtoto anayejiumiza mwenyewe, aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, asiyeitika jina lake, au anayezimia na kukaza macho, mzazi ampeleke hospitali, na mwombe pia tathmini kwenye kituo cha EARC, vituo vya serikali vya kupima mahitaji maalumu ya watoto. Chapisha mchoro wa rekodi zako umpe mzazi aende nao. Mtaalamu atakayemwona mtoto kwa nusu saa atashukuru kupata siku zako 10. Na kama mabadiliko ya ghafla, majeraha au maneno ya mtoto yanakufanya ushuku anadhulumiwa, mwarifu mwalimu mkuu na upige 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto. Usimhoji mtoto mwenyewe, wala usimrekodi akisimulia.

Mwisho wa mwaka, mtoto akienda PP2, mwandikie mwalimu anayempokea ukurasa mmoja: anachokipenda, kinachomchokoza, kinachomtuliza, na maneno ya nyanyake yaliyofanya kazi. Kisha ingia kwenye fomu, futa rekodi zote, ufute na nakala zilizobaki kwenye simu, na ile orodha ya majina iliyo kabatini uichane.